PANKI, BENI NA MIDIMU: Aina ya Muziki Hutambulikana kwa Kitu Gani?

Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi huwa nyepesi pale kitu kinachotafutiwa jina kinaposhikika mkononi. Parafujo ni parafujo. Fundi akikuonyesha umekwisha kuifahamu, na kinachobaki ni kukubaliana juu ya neno. Ugumu huanza pale kitu chenyewe kinapokuwa ni mazoea ya watu, kama ulivyo muziki. Miongoni mwa majina ya sanaa za kigeni ambayo hayajapata kisawe kilichotulia katika Kiswahili limo jina la muziki wa vijana wa Marekani na Uingereza ambao, kwa matamshi yetu, tungeweza kuuita panki-popu. Kabla ya kuuliza tuuite nini, hatuna budi kuuliza ni kitu gani. Kipi kikiwamo wimbo huwa wa panki-popu, na kipi kikikosekana huwa si wa aina hiyo tena?

Huenda msomaji akashangaa kuona kwamba jibu tunakwenda kulitafuta katika pwani ya Mtwara na kandokando ya mto Ruvuma, mahali ambapo muziki huo haukupata kuwa na wafuasi wengi. Sababu yake ni hii. Watu wa kusini wamekuwa wakibuni, wakibadili na kubatiza aina za muziki kwa zaidi ya miaka mia moja, na swali tunalouliza juu ya panki-popu wao wamekwisha kulijibu mara nyingi kwa vitendo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo ya aina yoyote ya muziki hayakamiliki bila historia yake, yaani nani, wapi na lini. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba kuzinyima ngoma za kusini historia hiyo katika kamusi zetu kuna hasara inayozidi mipaka ya taaluma. Maoni yaliyomo ni ya mwandishi, wala si uamuzi wa Baraza.

Neno panki lilivyotufikia

Neno panki si geni katika Kiswahili. Lakini mtu akilitamka mbele ya kinyozi wa Mtwara, Lindi au Dar es Salaam, hatafikiriwa kuwa anasema habari za muziki. Panki katika lugha ya vinyozi ni mkato wa nywele, ule wa kupunguza sana pembeni na kuacha nywele zisimame juu. Mkato ulisafiri, jina likausindikiza, na muziki ukabaki nyuma.

Jambo hili laonekana dogo, lakini lina funzo. Aina ya muziki ni kama mzigo wenye vitu vingi ndani: ala, mapigo, maneno, mavazi, nywele, mahali pa kuchezea na desturi za wachezaji. Mzigo huo unaweza kufunguliwa njiani, kila kitu kikaenda kwake. Vijana wetu walichukua nywele bila gitaa. Kwa hiyo nywele, ingawa ndizo zilizotangulia kuonekana, haziwezi kuwa ndizo zinazoutambulisha muziki wa panki. La sivyo vinyozi wote wangekuwa wanamuziki.

Basi tutumie kipimo rahisi, ambacho hapa tutakiita kipimo cha kuondoa. Tuchukue aina ya muziki, tuondoe kitu kimoja kimoja, na kila mara tuulize: je, wenyewe wangali wanaitambua kuwa ni yao?

Panki na mwanawe

Panki ilizuka katikati ya miaka ya 1970 katika miji ya New York na London. Kundi la Ramones la New York lilitoa sahani yake ya kwanza mwaka 1976, ikiwa na nyimbo 14 kwa muda usiofika nusu saa. Nyimbo zilikuwa fupi na za kasi, zikipigwa kwa gitaa la umeme lenye sauti ya kukwaruza, gitaa la besi na ngoma, kwa mipangilio michache ya sauti ambayo kijana asiye na mwalimu angeweza kujifunza kwa muda mfupi. Huko Uingereza kundi la Sex Pistols lilitia ndani yake matusi kwa wakubwa na hasira ya vijana wasio na kazi. Mwaka 1977 kundi la Buzzcocks la Manchester lilijitolea lenyewe sahani ya nyimbo nne, Spiral Scratch, bila kungojea kampuni kubwa. Kujitegemea huko kukawa sehemu ya maadili ya panki.

Lakini ndani ya panki yenyewe mlikuwa na mbegu nyingine. Ramones walipenda nyimbo tamu za vijana wa miaka ya 1960, zenye viitikio ambavyo msikilizaji huvishika mara moja. Buzzcocks nao waliimba mapenzi na majuto yake badala ya siasa. Katika jimbo la California, kundi la Descendents lilitoa mwaka 1982 sahani iitwayo Milo Goes to College, ambamo kasi ya panki ilichanganyika na mambo ya kawaida ya kijana: shule, wazazi, msichana aliyekataa. Mwaka 1994 mbegu hiyo ikachipuka na kuwa mti. Sahani ya Dookie ya kundi la Green Day iliuzwa zaidi ya nakala milioni 10 nchini Marekani peke yake. Mwaka huohuo Smash ya kundi la The Offspring nayo ikauzwa kwa mamilioni.

Hapo pakazuka ugomvi ambao kwa mwanaistilahi una faida kubwa. Katika mji wa Berkeley kulikuwa na ukumbi wa vijana wa panki uliofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1986 katika nambari 924 ya mtaa wa Gilman. Ukumbi huo ulikuwa na sharti kwamba kundi lililotia sahihi mkataba na kampuni kubwa ya kurekodi halitapiga humo. Green Day walikulia katika ukumbi huo. Walipotia sahihi na kampuni ya Reprise mwaka 1993, mlango ukafungwa kwao. Vidole vilikuwa vilevile na magitaa yalikuwa yaleyale, lakini kwa wenye ukumbi, hawa hawakuwa wenzao tena.

Je, kampuni kubwa ndiyo inayoipambanua panki-popu na panki? Hapana. Smash ilitolewa na Epitaph, kampuni ndogo ya kujitegemea iliyomilikiwa na Brett Gurewitz, mpiga gitaa wa kundi la panki la Bad Religion. Hata hivyo wasikilizaji waliiweka kapu moja na Dookie. Tukitumia kipimo chetu, twaona hivi. Ondoa kampuni kubwa, panki-popu inabaki. Ondoa mavazi na nywele, inabaki. Ondoa kiitikio kitamu kinachoimbwa na ukumbi mzima, inarudi kuwa panki tupu. Ondoa kasi na gitaa linalokwaruza, inakuwa muziki pendwa wa kawaida. Panki-popu basi imesimama juu ya miguu miwili, na mguu mmoja ukikatwa inaanguka upande wa jirani. Ajabu ni kwamba miguu yenyewe imetoka kwa watu waliokuwa wakidharauliana: waliotaka kupendwa na wote, na waliojivunia kutopendwa.

Beni: ala zinapoondoka

Sasa tugeuke tutazame kwetu. Katika miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walianza kuziiga bendi za tarumbeta za jeshi na manowari za Waingereza. Ngoma waliyoiunda waliiita beni, na jina lenyewe lasema lilikotoka. Ilikuwa na gwaride, sare, vyeo vya jenerali, gavana na mfalme, na zaidi ya yote ilikuwa na ushindani: beni haichezwi bila mpinzani. Katika Tanganyika vyama vikuu vya mashindano hayo vilikuwa Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hii mwaka 1975, na alionyesha jinsi ilivyosambaa kutoka miji ya pwani hadi bara kabisa.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoisukuma zaidi, na kusini ndiko vita hivyo vilikomalizikia katika nchi yetu. Mapigano makali ya Mahiwa, katika bara ya Lindi, yalikuwa mwezi Oktoba 1917. Mwezi uliofuata jeshi la Wajerumani likavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Maaskari na wapagazi wa pande zote mbili walikutana, wakatekana, wakahamishwa kambi hadi kambi, na beni ikahama pamoja nao. Walipoachiwa kurudi makwao waliondoka na ngoma mpya kichwani.

Lakini mpagazi arudiye kijijini hana tarumbeta. Ndipo ilipotokea jambo linalotuhusu hasa. Katika pwani za Ziwa Nyasa, ambazo upande wetu sehemu yake imo katika Mkoa wa Ruvuma, vijana walitengeneza vibuyu vyenye utando mwembamba, ambavyo mtu akiimba ndani yake hutoa mlio wa tarumbeta. Vibuyu hivyo na ngoma kubwa vikachukua mahali pa bendi nzima ya shaba. Ngoma hiyo yajulikana kwa jina la mganda, na upande wa Malawi huitwa pia malipenga. Sare, mistari na vyeo vilibaki, na kijiji kilialika kijiji kingine kushindana. Katika miji ya migodi ya shaba ya Zambia ndugu mwingine wa ukoo huo aliitwa kalela, nayo iliandikwa na J. Clyde Mitchell mwaka 1956.

Tukitia kipimo chetu hapa, ala tumeziondoa zote. Hakuna hata tarumbeta moja iliyosalia. Je, mganda ni beni? Jina lasema si beni, lakini gwaride, vyeo na mashindano vinasema ni mtoto wa beni. Kwa hiyo ala hazikuwa kiini cha beni, ingawa beni ilipata jina lake kutokana na ala. Kiini kilikuwa ni utaratibu wa vijana kujipanga kwa vyeo na kushindana mbele ya watu. Hili ni onyo kwa mtunga kamusi: asili ya jina si lazima iwe ndiyo maana ya kitu.

Midimu na mapiko: mto mmoja, majina mawili

Kutoka Msimbati na Mnazi Bay, pale Ruvuma inapoingia baharini, hadi uwanda wa juu wa Newala, wanaishi Wamakonde ambao ndugu zao wako ng'ambo ya mto katika uwanda wa Mueda. Mto haukuwatenga sana. Wakati wa ukoloni maelfu ya watu walivuka kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani, na baada ya mwaka 1964, vita vya ukombozi vya FRELIMO vilipoanza, wengine wengi walivuka kukimbilia usalama. Mwaka 2010 ulifunguliwa Mtambaswala Daraja la Umoja, ambalo lingeweza kuitwa hivyo tangu zamani.

Wamakonde wa pande zote mbili wana ngoma ya vinyago vinavyovaliwa. Upande wa Tanzania kinyago huitwa ndimu na ngoma yake midimu. Upande wa Msumbiji kinyago huitwa lipiko na ngoma yake mapiko. Mtu wa haraka ataandika katika kamusi: midimu, tazama mapiko. Hatakuwa amekosea sana, lakini atakuwa amefunika jambo kubwa.

Huko Mueda mapiko si ngoma moja. Mtafiti Paolo Israel, katika kitabu chake cha mwaka 2014, alionyesha kwamba ni ukoo wa mitindo mingi iliyobuniwa na makundi ya vijana kwa kushindana, rika baada ya rika. Kundi lilibuni umbo jipya la kinyago, hatua mpya na mapigo mapya, likaupa mtindo wake jina, likauonyesha uwanjani. Mtindo ukipendwa uliigwa; usipopendwa ulikufa. Upo mtindo wa vinyago vya wanyama uitwao mang'anyamu. Wanawake nao walipata kubuni ngoma ya kinyago chao, lingundumbwe, katika sanaa ambayo siri yake kwa desturi ilikuwa ya wanaume.

Hebu tulinganishe. Juu ya panki-popu kila mtu atakwambia mwaka, mji, kundi na hata nambari ya jengo. Juu ya midimu na mapiko vitabu vyetu vya shule hutosheka na maneno matano: ngoma ya asili ya Wamakonde. Mtu asomaye maneno hayo hudhani kwamba ngoma hiyo iliota kama mbuyu, bila mpandaji na bila tarehe. Kumbe kwa wenyewe ina wabunifu waliokumbukwa kwa majina, ina mitindo mipya na mikongwe, ina ugomvi wa nani alimwiga nani. Wazee waliokuwa wakijua habari hizo wanatutoka mmoja mmoja, nasi tungali tumeshikilia neno asili.

Sindimba: jina libakipo na kitu kikibadilika

Mfano wa tatu ni sindimba, ngoma ya Wamakonde ambayo jina lake limeenea kuliko zote za kusini. Mwezi Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akihimiza tuzirudishie heshima ngoma zetu. Katika miaka iliyofuata sindimba ilichukuliwa na kikundi cha ngoma cha taifa, ikapelekwa majukwaani, mashuleni na katika sherehe za kitaifa, na baadaye ikafundishwa katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981.

Kijijini sindimba ilichezwa katika sherehe za jando na unyago zinapomalizika, kwa saa nyingi, watu wakiingia na kutoka uwanjani kwa zamu. Jukwaani ilipewa dakika chache. Wachezaji walivalishwa sare, wakapangwa mistari, wakageuzwa kuwatazama wageni rasmi. Mtikisiko wa viuno, ambao kijijini ulikuwa na mafunzo yake kwa vijana wanaoingia utu uzima, mjini ulishangiliwa na wengine na kulaumiwa na wengine kuwa ni utovu wa adabu. Mapigo ya ngoma yalibaki, na jina lilibaki, lakini kazi ya ngoma ilibadilika.

Hapa kipimo chetu chatoa jibu lililo kinyume cha beni. Katika beni jina liliondoka na utaratibu ukabaki. Katika sindimba jina lilibaki na utaratibu ukaondoka. Mzee wa Newala na mwalimu wa sanaa wa mjini wote wasema sindimba, na wote wana haki, lakini hawasemi kitu kimoja. Kamusi iliyo aminifu ingeweka maana mbili, moja ya kijijini na moja ya jukwaani, na ingetaja ni lini ya pili ilizaliwa kutokana na ya kwanza.

Utanzu na mtindo

Mtu aweza kusema kwamba lugha yetu haina msamiati wa kutosha kwa mambo haya. Msamiati tunao, ila hatuutumii kwa nidhamu. Wapenzi wa muziki wa dansi wa Dar es Salaam walikuwa na utaratibu safi kabisa. Dansi lilikuwa jina la muziki wote wa bendi, na ndani yake kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa na Msondo. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilikuwa na Sikinde. Yote mawili ni majina ya ngoma za pwani yaliyopewa maisha mapya. Marehemu Muhiddin Gurumo aliimba Msondo, akahamia Sikinde mwaka 1978, akahamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985 na mtindo wake wa Ndekule, na hakuna shabiki aliyedai kwamba amebeba Msondo mfukoni. Mtindo ulikuwa mali ya bendi na washabiki wake. Na jumuiya ya wafanyakazi ilipobadili jina kutoka NUTA kuwa JUWATA na kisha OTTU, bendi ikibadili pamoja nayo, mwishowe mtindo ndio uliokuwa jina la bendi: Msondo Ngoma.

Kadhalika singeli ya leo. Ilitoka katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, ikiwa mrithi wa mchiriku, muziki uliopigwa kwa vinanda vidogo vya bei nafuu na vipaza sauti vya kuunganishwa na mafundi wa mtaani. Kundi la Jagwa Music lilianza kuupiga mwaka 1992. Singeli ikaongeza kasi hadi kupita mapigo 200 kwa dakika, na baadaye ikaingia redioni na katika kampeni za uchaguzi. Waliokuwa wakiiita muziki wa wahuni wakaicheza harusini. Hadithi hii inafanana sana na ya Green Day, na inatuambia kwamba ugomvi wa soko na mtaa si wa Wazungu peke yao. Kwa upande mwingine, msanii Harmonize, mzaliwa wa Mkoa wa Mtwara, amelibeba jina la Konde katika kampuni yake, lakini muziki alioanzia ni wa bongo fleva. Kabila la mwimbaji, kama nywele za panki, haliamui aina ya muziki.

Kwa hiyo twapendekeza utanzu litumike kwa ukoo mkubwa, kama vile dansi, taarabu au roki; kipera, neno lililokwisha kuzoeleka katika fasihi simulizi, litumike kwa tawi la utanzu lenye historia yake, kama panki, singeli au mganda; na mtindo libaki kwa namna maalumu ya kundi au mtu mmoja, kama Sikinde. Neno aina libaki la jumla.

Mapendekezo juu ya jina

Tukirudi kwenye swali la mwanzo, panki-popu ni jina lililoandikwa kwa matamshi tu, halimfafanulii msomaji kitu. Tunalo tayari neno pendwa, lililotumika katika riwaya pendwa na muziki pendwa. Twapendekeza basi panki pendwa. Wapo watakaosema kwamba pendwa lina harufu ya dharau, kwa kuwa wahakiki waliwahi kulitumia kwa kazi walizoziona nyepesi. Dharau hiyo, katika hali hii, ni sehemu ya historia yenyewe; ndiyo iliyofunga mlango wa Gilman. Panki ya kinyozi na panki ya gitaa ziwekwe kama maana mbili chini ya kidahizo kimoja, kwa kuwa zina asili moja.

Na kidahizo cha kila kipera cha muziki, kiwe cha California au cha Tandahimba, kingepaswa kujibu mambo manne: kitu gani hakiwezi kuondolewa; kitu gani huweza kubadilika; kilianza lini, wapi na kwa mkono wa nani; na kinapakana na vipera gani. Kwa mfano:

Panki pendwa: kipera cha roki kilichoota ndani ya panki ya Marekani na Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuenea sana baada ya 1994, hupigwa kwa kasi kwa gitaa linalokwaruza, na huwa na kiitikio chepesi cha kuimbwa na wengi, maneno yake kwa kawaida ni ya maisha ya ujana. Bila kiitikio hicho ni panki. Bila kasi na gitaa hilo ni muziki pendwa.

Mganda: kipera cha ngoma cha pwani za Ziwa Nyasa kilichotokana na beni baada ya Vita Kuu ya Kwanza, huchezwa kwa mistari na vyeo vya kijeshi, kwa mashindano ya vijiji, vibuyu vya mlio huchukua nafasi ya tarumbeta. Tazama pia malipenga.

Hitimisho

Pengine msomaji atauliza, yote haya yana faida gani kwa mchezaji wa ngoma wa Kitaya au Mikindani. Faida ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitenga sanaa za jadi za jamii katika fungu lake, mbali na kazi za watunzi wanaojulikana. Kazi ikishaandikwa kuwa ya asili, bila mwaka na bila mwenyewe, kijana aliyeibuni au babu yake aliyeibuni hana pa kusimama siku mtu wa mjini atakapoichukua na kuirekodi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 lilianzishwa mjini Mtwara tamasha la MaKuYa, ambalo jina lake limeunganishwa kutoka Wamakonde, Wamakua na Wayao, na vikundi vya vijijini vikapata uwanja wa kuonyesha ngoma zao. Uwanja kama huo ni nafasi njema kwa mwanaistilahi. Tukienda na daftari tuulize, pamoja na kabila la ngoma, nani aliyeanza hatua hii, kijiji gani kiliiga kwanza, na kabla yake palichezwa nini.

Maswali hayo huulizwa kila siku juu ya muziki wa magitaa wa Marekani, nao una majibu. Wazee wa uwanda wa Makonde wanayo majibu ya kwao, na kazi ya kuyaandika ingefaa ianze katika vijiji vya Newala na Tandahimba, ambako wachezaji wa midimu waliocheza kabla ya Uhuru wamebaki wachache sana.